Chungu cha Jirani na Wepesi wa Vidole Vyetu



Siku hizi haipiti wiki bila simu zetu kupokea hukumu juu ya chakula. Mtu amekula mahali fulani, na kabla hajanawa mikono amekwisha kuandika katika kikundi cha WhatsApp: «Pale ni zero. Msithubutu kwenda.» Mwingine anajibu: «Mimi nako nilisikia hivyo.» Wa tatu, ambaye hajawahi kukaa kwenye benchi la mkahawa huo, anautuma ujumbe katika vikundi vingine vitatu. Ikifika jioni, mama aliyewasha makala tangu saa kumi na moja ya alfajiri anabaki na sufuria ya maharagi isiyo na mlaji, wala hajui sababu.

Katika miji mikubwa ya dunia jambo hili lina mitambo yake. Mtandao wa TripAdvisor ulianzishwa Marekani mwaka 2000, na Yelp mwaka 2004. Humo kila mlaji anaweza kugawa nyota kuanzia moja hadi tano na kuandika maoni yake. Kabla yao kulikuwa na kitabu cha Michelin, kilichotolewa Ufaransa kwa mara ya kwanza mwaka 1900 na watengenezaji wa mipira ya magari. Hata hivyo, kitabu hicho kilikuja kutumia wakaguzi waliofunzwa kazi, ambao hula kimya na kulipa. Leo mkaguzi ni mtu yeyote mwenye simu na mega kidogo. Huku kwetu Rubaya mikahawa mingi ya wachimbaji haina hata kibao mlangoni, sembuse ukurasa katika intaneti. Lakini tabia imefika, nayo imefika bila breki.

Wala tusidhani kwamba nyota ni mchezo. Mwaka 2011 Michael Luca, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, alichunguza mikahawa ya mji wa Seattle na kuona kwamba nyota moja zaidi katika Yelp iliongeza mapato kwa asilimia 5 hadi 9, hasa kwa mikahawa isiyo ya makampuni makubwa. Maana yake ni wazi: mwenye jina kubwa hatikiswi sana na maneno ya watu, bali mdogo ndiye anayeinuliwa au kuangushwa nayo. Na ni nani aliye mdogo kuliko mama anayepika kwa mtaji wa mkopo wa likelemba, akiwauzia kwa deni watu wanaolipa siku madini yanapouzwa?

Hebu sasa tuyatazame maneno yenyewe, maana maneno yana tabia kama watu.

La kwanza ni neno la kupita kiasi. Chakula ama ni «bora kuliko vyote duniani» ama ni «takataka». Katikati hakuna kitu. Anayesema bugali huu ni bora duniani amekula wapi kwingine? Na anayesema ni takataka, mbona alimaliza sahani? Kwa mwalimu, alama za sifuri na ishirini pekee haziwezi kusahihisha darasa zima. Wanafunzi wengi wako kwenye tisa, kumi na moja na kumi na tatu. Vyungu vyetu pia viko huko.

La pili ni neno la maafa. Mwaka 2014 Dan Jurafsky wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake walitoa matokeo ya kuchambua maoni takribani 900,000 kuhusu mikahawa ya Marekani. Waligundua kwamba walaji waliotoa nyota moja waliandika kwa lugha inayofanana na ile ya watu walionusurika katika misiba: «sisi» tuliotendewa, «wao» waliotutenda. Tena walilalamikia wahudumu zaidi ya walivyolalamikia chakula. Huko mbali huenda jambo hilo linachekesha. Kwetu linapasa kutusikitisha. Sisi ni watu wa Masisi. Tuna ndugu waliolala chini ya mahema ya Bulengo na Kanyaruchinya, mvua ikipita juu na chini. Tukilitumia neno «mateso» kwa viazi vilivyopoa, tutabaki na neno gani la kumwambia mama aliyetembea usiku akiwa na mtoto mgongoni? Neno linalotumika kwa kila kitu huisha nguvu kama betri, na siku ya haja haliwaki.

La tatu ni «nimesikia». Hili ndilo jepesi kulisema, na ndilo linalosafiri mbali kuliko yote. Mwaka 2017 kijana mmoja wa London, Oobah Butler, aliamua kulijaribu. Alikiandikisha kibanda cha nyuma ya nyumba alimokuwa akiishi kama mkahawa katika TripAdvisor, akapiga picha za vyakula vya uongo, na rafiki zake wakaandika sifa. Hapakuwa na jiko wala meza. Baada ya miezi michache kibanda hicho kiliorodheshwa kuwa mkahawa wa kwanza katika jiji lote la London, na watu wakapiga simu kuomba nafasi. Ikiwa maneno matupu yanaweza kuujenga mkahawa usiokuwapo, yanaweza pia kuubomoa uliopo. Marekani waliliona hilo, na tangu Oktoba 2024 kanuni yao inakataza kuuza na kununua maoni ya uongo.

La nne ndilo ninaloliogopa. Ni neno «sumu», na ndugu yake «wale». Katika Kivu nzima, mtu akitaja karuho, hakuna anayengoja ushahidi. Kijana ameumwa tumbo usiku. Labda ni maji ya kijito, labda ni pombe aliyokunywa kabla ya kula. Asubuhi anaandika: «Wale watu wametia kitu katika nyama.» Ameandika maneno sita tu. Lakini katika Masisi neno «wale» halisimami peke yake. Msikilizaji hulijaza mwenyewe kwa jina la kabila. Hapo hatuzungumzii tena chumvi wala mafuta. Tumeweka kijiti cha kibiriti karibu na majani makavu, na tunajua majani hayo yamewaka mara ngapi. Mtu aliye London akikosea juu ya mkahawa, mwenye mkahawa hupoteza wateja. Akikosea mtu wa hapa kwetu kwa neno kama hilo, mwenye jiko anaweza kupoteza nyumba, au uhai.

Kuna na tabia nyingine ndogondogo zinazoudhi. Yuko anayemhukumu mpishi kwa makosa yasiyo yake: barabara ya kutoka Sake imeharibika kwa mvua, mafuta yamepanda bei, naye anaandika «wamekuwa wezi». Yuko anayejisifu kuliko anavyosifu chakula: «Mimi niliyekula Goma na Kampala siwezi kula hapa.» Yuko anayeanza na umbo la mpishi, ndoa yake na watoto wake, hata msomaji asijue kama sombe ilikuwa na chumvi. Na yuko anayedai kipande cha nyama bure, akitikisa simu kama askari wa kizuizi anavyotikisa fimbo. Huyo wa mwisho si mlaji. Ni mtoza kodi asiye na karatasi.

Najua mtaniuliza: Je, tunyamaze? Mkahawa ukiwa mchafu tusiseme? Swali ni la haki. Katika jimbo ambamo kipindupindu hurudi mara kwa mara, kunyamaza mbele ya maji machafu si upole, ni hatari. Lakini kusema kuna mpango wake, nao tumeufundishwa tangu katekesi ya awali. Injili inatutuma kwanza kwa ndugu mwenyewe, faraghani. Kisha pamoja na shahidi mmoja au wawili. Ndipo mbele ya jumuiya. Sisi tumeugeuza mpango huo juu chini: tunaanza na watu mia mbili wa kikundi, na mwenye jiko anapata habari wa mwisho. Mwambie mama: «Mama, leo nyama haikuiva vizuri.» Mara nyingi atakushukuru. Akikataa, na jambo likiwa la afya ya watu, mpelekee muuguzi mkuu wa kituo cha afya, ambaye anaweza kwenda kutazama. Hiyo ni njia ndefu kuliko kubonyeza kidole, lakini ndiyo inayosafisha maji.

Kanisa, likifafanua amri ya nane, linatofautisha makosa matatu ambayo sisi huyachanganya. Kuna hukumu ya haraka: kuamini ubaya wa jirani bila msingi wa kutosha. Kuna masengenyo: kufunua kosa la kweli kwa watu wasiolijua, bila sababu halali. Na kuna usingiziaji: kumharibia mtu jina kwa uongo. Angalieni lile la pili. Kwamba jambo ni kweli haitoshi. Ni lazima pia kuwe na sababu ya kulisema, kwa mtu anayepaswa kulijua. Hata sheria ya nchi haiko mbali: kanuni ya adhabu ya Kongo huadhibu mashtaka yanayodhuru heshima ya mtu, na tangu mwaka 2023 Kanuni ya Dijitali inagusa pia yale tunayoyaeneza kwa simu.

Na simu hizo, vijana, tuzifikirie pia. Ndani yake mna tantali, nayo hutoka katika koltani. Wataalamu wanakadiria kwamba milima ya Rubaya peke yake hutoa takribani asilimia 15 ya tantali ya dunia. Basi huenda simu inayomharibia jina mama wa mkahawa ina chembe ya udongo uliochimbwa na mtu aliyekula maharagi ya mama huyo huyo, na aliyepata nguvu ya kupiga sururu kwa sababu alimkopesha sahani. Ingekuwa aibu jasho hilo lirudi kwetu likiwa jiwe la kumpigia aliyetulisha.

Tazameni jinsi jina jema linavyojengwa. Jibini la Masisi linajulikana Goma, linajulikana Kinshasa. Halikupata sifa hiyo kwa kelele za siku moja. Wafugaji na watengenezaji walikamua, wakagandisha, wakakausha na kuuza kwa miaka mingi, na walaji wakaambiana kwa maneno ya kawaida: ni laini, halina chumvi nyingi, linakaa siku nyingi bila kuharibika. Sifa ya namna hiyo humsaidia anayenunua na anayeuza pia, kwa sababu inasema kitu. «Bora duniani» haisemi kitu.

Kwa hiyo nawaombeni, katika mkutano wenu ujao, mjadili masharti haya manne. Usiandike juu ya chakula usichokila mwenyewe. Taja kitu, si mtu: chumvi, bei, maji, muda wa kungoja. Kosa mwambie mpishi kabla ya kuliambia kundi. Na ujumbe wenye «nimesikia» na «wale» ufie katika simu yako, hata kama aliyeutuma ni rafiki. Wazee walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Siku hizi vidole ndivyo vimekuwa ulimi wetu, na kila kimoja kinahitaji kufundishwa upya.

Kesho alfajiri makala yatawashwa tena. Anayeyawasha ana watoto shuleni, na ada yao imo ndani ya sufuria ile.