Tovuti ikitekwa, tukashtaki wapi?



Hapa Ngarenaro nakodisha mahema kwa wapandaji wa milima, na wageni wengi hunipata kupitia tovuti yangu ndogo. Julai, msimu umepamba moto, wadukuzi waliingia humo wakapachika ukurasa uliofanana kabisa na wa benki, wa kuvunia namba za siri za watu. Ukurasa wangu wa mbele hawakuugusa, kwa hiyo sikuona kitu mpaka mteja aliponiandikia kuwa simu yake inamwonyesha onyo jekundu: tovuti hii ni ya kitapeli. Mimi, tapeli!

Kampuni inayonihifadhia tovuti, ambayo kwa kudai ada haichelewi, iliniambia nisubiri. Kwenye kituo cha polisi nikaulizwa nimeibiwa shilingi ngapi. Sikuibiwa hata senti. Limeibwa jina langu, na hilo hawakujua waliandike wapi. Kijana wa duka la steshenari jirani ndiye aliyefuta mafaili yale na kubadilisha nywila zote. Wageni walishakwenda kwingine.

Sheria ya Makosa ya Mtandao tunayo tangu 2015. Meseji za kitapeli za “ile hela tuma kwenye namba hii” tunazituma kwa namba 15040. Tovuti iliyotekwa je? Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA), mna kitengo cha kushughulikia matukio ya usalama mtandaoni, TZ-CERT: tuelezeni, hata redioni, mfanyabiashara mdogo wa Arusha anakifikiaje, na kampuni za kuhifadhi tovuti zinatakiwa kutujibu ndani ya muda gani. Na wasomaji mliokumbwa na haya, onyo lile mliliondoaje?

Mkodishaji mahema,
Ngarenaro, Arusha