Vipofu Saba Mlimani Kilimanjaro

Sisi wa Lubutu twajua jinsi inzi wadogo weusi wa mitoni wawezavyo kumpofusha mtu. Kisha huachwa barazani kutwa, kana kwamba safari yake imekwisha. Basi sikieni: mwaka 1969 vijana saba wa Afrika ya Mashariki, vipofu wote, walipanda pamoja mlima Kilimanjaro wenye kimo cha meta 5,895, wakafika kileleni. Macho yao hayakuona, lakini miguu, pumzi na moyo walikuwa navyo. Watu wa Yeriko walimnyamazisha Bartimeo kipofu. Bwana wetu Yezu aliamuru aitwe. Nasi je, tutamnyamazisha ndugu yetu, au tutamshika mkono twende naye shambani, shuleni na kanisani?