Lotte Reiniger na Mkasi Wake

Mkasi haukosekani nyumbani. Tunakatia vitambaa na kucha za watoto, na mtoto mdogo akiushika tunampokonya upesi. Mwezi huu tunamtazama mwanamke aliyeushika tangu utotoni, akaishi kwa huo.

Lotte Reiniger alizaliwa Berlin, Ujerumani, tarehe 2 Juni 1899. Akiwa bado msichana mdogo alikata karatasi nyeusi, zikatoka sura za watu na wanyama, naye akazichezesha nyumbani kama mchezo wa vivuli. Alipoingia shule ya maigizo alikata sura za waigizaji mashuhuri ili wamtambue. Mmoja wao, Paul Wegener, alimpa kazi katika filamu yake ya mwaka 1918, na mwaka uliofuata Lotte akatengeneza filamu yake ya kwanza ya vivuli.

Mwaka 1921 aliolewa na Carl Koch. Mke alikata na kuongoza, mume akashika kamera. Ni waume wangapi wa siku zile wangekubali mpango huo?

Mwaka 1923 pesa za Ujerumani zilikuwa zikipoteza thamani kila siku. Tajiri mmoja wa benki, Louis Hagen, alikuwa amenunua mikanda mingi ya filamu badala ya kukaa na noti. Akamwuliza Lotte kama angeweza kutengeneza filamu ndefu ya vivuli. Katuni za wakati huo zilikuwa za dakika chache tu, za kuchekesha watu. Lotte akakubali.

Kazi ilifanyika Potsdam, katika chumba kilichokuwa juu ya gereji ya Hagen. Kila mhusika alikatwa vipande vipande kwa karatasi ngumu na bati laini la risasi: kichwa, mkono, kiganja, kisha viungo vikaunganishwa kwa waya. Alilazwa juu ya meza ya kioo yenye taa chini yake, na kamera ikatazama kutoka juu. Lotte alisogeza mkono kidogo sana, picha ikapigwa. Akasogeza tena, ikapigwa nyingine. Sekunde moja ya filamu hula picha 24 hivi. Mama aliyewahi kufuma kitambaa cha meza kwa sindano moja anaweza kukisia uchovu huo, ingawa hapa ilikuwa miaka mitatu.

Mwaka 1926 ikatoka hadithi ya mwana wa mfalme Achmed, iliyotokana na Alfu Lela Ulela, zile hadithi zinazosomwa pia kwa Kiswahili. Kati ya filamu ndefu za katuni zilizobaki duniani, hiyo ndiyo ya zamani kuliko zote. Filamu ya Snow White ya Walt Disney ilikuja mwaka 1937, lakini jina la Disney ndilo watoto wetu wanalolijua.

Wanazi waliposhika utawala mwaka 1933, Lotte na mumewe hawakutaka kuishi chini yao. Walihangaika nchi hadi nchi kwa vibali vya muda mfupi, kwa kuwa hakuna iliyowapokea moja kwa moja. Hata hivyo, katikati ya vita, Lotte alirudi Berlin kumwuguza mama yake. Vita hivyo viliangamiza mkanda wa asili wa Achmed. Filamu ilipona kwa sababu nakala zilikuwa nje ya nchi.

Mwaka 1949 walihamia London, bila mali. Huko, mwaka 1953, ilianzishwa studio ya Primrose, na aliyeshirikiana nao ni Louis Hagen mdogo, yule mtoto wa nyumba ya Potsdam, sasa mtu mzima. Walitengeneza hadithi fupi za watoto kwa ajili ya televisheni, na mwaka 1955 moja wapo ikapata tuzo huko Venice.

Carl alifariki mwaka 1963, na kwa miaka mingi Lotte hakutengeneza filamu. Alirudi kazini nchini Kanada, akatoa filamu nyingine mwaka 1975, akiwa na miaka 76. Alifariki Juni 1981. Katika picha zilizopigwa uzeeni mwake anaonekana akikata bila kuchora kwanza: mkasi umetulia mkononi, na karatasi ndiyo inayozunguka.