Tamko la Chama kuhusu Fidia ya Wafanyakazi Wanaoumia Kazini

Sisi, wanachama wa chama cha wafanyakazi walioumia kazini, tuliokatwa vidole na mashine, tulioanguka kwenye mijengo, pamoja na wajane wa wenzetu, tunatoa tamko hili kwa waajiri, kwa Serikali ya Kenya na kwa kila kibarua anayeamka alfajiri kusimama langoni kusubiri kazi.

Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ni ya mwaka 2007. Ilibishaniwa mahakamani miaka mingi, hadi Mahakama ya Juu ilipoipa uhalali mnamo Desemba 2019. Sasa madai huanzia kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, na muda haumngoji mgonjwa. Mwajiri aripoti ajali ndani ya siku 7. Madai yawasilishwe ndani ya miezi 12. Asiyeridhika na uamuzi ana siku 60 za kuweka pingamizi. Akishajibiwa, ana siku 30 za kukata rufaa katika Mahakama ya Ajira na Leba. Wengi wetu tulizijua siku hizi zikiwa zimeshapita, kwa kuwa tulikuwa wodini na hakuna aliyetuambia.

Linalotuuma zaidi ni asilimia. Fidia ya ulemavu wa kudumu hutokana na mapato ya miezi 96, na daktari ndiye anayeandika kiwango cha ulemavu. Anayepata Sh20,000 kwa mwezi akiandikiwa asilimia 10, hesabu ni Sh192,000. Akiandikiwa 20, ni Sh384,000. Tofauti hiyo ni karo ya mtoto, tena ya miaka. Hata hivyo majeruhi hukabidhiwa nambari bila kuelezwa ilipatikanaje, wala kwamba anaweza kuipinga. Hilo ni dhuluma, hata kama hakuna aliyeikusudia.

Kwa hiyo tunawataka waajiri wampe majeruhi nakala ya ripoti ya ajali siku ileile inapopelekwa. Noti chache za pole zinazoletwa kitandani si fidia, na majeruhi asitiwe kalamu mkononi atie saini kwa ajili ya noti hizo. Mkurugenzi naye aandike barua za uamuzi kwa Kiswahili, ambacho Katiba ya 2010 inakitambua kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, na kila barua itaje tarehe ya mwisho ya pingamizi.

Nawe ndugu mfanyakazi, ukiumia mwambie msimamizi siku hiyohiyo, mbele ya shahidi. Sheria inakubali hata taarifa ya mdomo. Tunza karatasi za hospitali. Kama hukupewa barua ya kazi, usifute ujumbe wa M-Pesa wa malipo ya mshahara, maana huo ni ushahidi wa kazi yako na kipato chako. Na barua ya uamuzi ikikufikia usiielewe, tuletee kabla siku 60 hazijaisha.