Risasi Haipimwi kwa Bei

Katika maongezi ya wenye bunduki ndogo huku kwetu, kuanzia Mahongole hadi Makambako na Njombe mjini, kuna imani moja iliyokwisha kuota mizizi. Imani hiyo inasema kwamba risasi iliyo ghali ndiyo yenye shabaha, na kwamba kati ya mbili zenye bei sawa, ile iendayo kasi zaidi ndiyo bora. Nimeisikia dukani, nimeisikia msibani watu wakiota moto, na nimeisikia hata vinywani mwa watu waliosoma fizikia. Katika kurasa hizi nakusudia kuipinga bila kuuma maneno. Ni imani inayotupotezea fedha na kuwadanganya vijana. Lililo baya zaidi, humfanya mtu asadiki kwamba anajua risasi yake inakokwenda ilhali hajui.

Kwanza tuelewane juu ya kitu chenyewe. Nazungumzia risasi ya .22, ile iliyobuniwa Marekani mwaka 1887 na kampuni ya J. Stevens, ambayo unene wake haufikii milimita 6 na uzito wa ile sehemu inayoruka ni kiasi cha gramu 2.6 tu. Risasi za bunduki kubwa zina fataki katikati ya kitako. Hii haina. Dawa yake ya kuwashia imetandazwa ndani ya ukingo unaozunguka kitako cha ganda. Pini ya bunduki ikiuponda ukingo huo, dawa hulipuka na kuiwasha baruti. Ganda likisha kupondwa ndiyo basi, halijazwi tena.

Hapo ndipo penye kiini cha hoja yangu. Mwenye bunduki kubwa, katika nchi zinazoruhusu jambo hilo, anaweza kuyajaza upya maganda yake, akaipima baruti kwa mizani mpaka bunduki yake iridhike. Mwenye .22 hana uwezo huo. Anapokea kilichotoka kiwandani jinsi kilivyo. Kazi pekee aliyobakiziwa ni kuchagua. Sasa, ndugu msomaji, ikiwa kazi yako yote ni kuchagua, je, si aibu kumwachia muuza duka akuchagulie?

Wapo watakaouliza mwalimu mkuu mstaafu, mzee aliyevuka miaka sabini, anatafuta nini katika kutoboa karatasi. Huo ni uzungu, husema. La hasha! Mtoto yupi wa nyanda hizi hakulenga kibuyu kwa manati, au hakushindana na wenziwe kutupa fimbo? Kulenga ni mchezo wetu tangu zamani. Kisha kizazi changu kilichosomea ualimu miaka ya 1970 kilipitia mafunzo ya mgambo, na kwenye bunduki tulijifunza jambo moja ambalo chaki haikutufunza vizuri: kutulia. Anayelenga karatasi kwa pumziko hujifunza kuzuia pumzi, kuzuia hasira na kukubali hesabu ya matundu aliyoyatoboa. Mimi nafanya hivyo kwa kibali, mahali palipokubaliwa na polisi, penye ukuta mnene wa udongo nyuma ya shabaha. Tangu mwaka 2015 tunayo Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi, nami sina ugomvi nayo. Risasi si njugu za kununuliwa kwa vikombe.

Nianze na wale wa bei. Sitakana kwamba bei ina maana yake. Risasi ya ghali aghalabu imetengenezwa kwa uangalifu zaidi: dawa ya ukingoni imetandazwa sawasawa, baruti imepimwa kwa makini, na mzunguko wa nta iliyopakwa nje ni mmoja kwa zote. Faida ya uangalifu huo ni ulinganifu, yaani risasi ya kwanza na ya hamsini kutoka mtutuni kwa mwendo ule ule. Tufanye hesabu ndogo. Risasi moja ikitoka kwa mwendo wa mita 330 kwa sekunde na nyingine mita 320, basi zikifika shabaha iliyo mita 50 ile ya pili itakuwa imeshuka karibu milimita 8 zaidi ya mwenzake, ingawa mkono wako haukutikisika hata kidogo. Katika mashindano ya kimataifa ya mita 50, duara la alama kumi lina kipenyo cha milimita 10.4. Tofauti ya mwendo peke yake imekwisha kukutafunia karibu duara zima.

Basi mtu wa bei ataruka na kusema, "Unaona, Mwalimu, wewe mwenyewe umekubali!" Ngoja kidogo. Nimekubali kwamba ulinganifu ni jambo kubwa. Sikukubali kwamba unauona kwenye bei. Mitutu haifanani. Miwili iliyotoka kiwanda kimoja siku moja hutofautiana, mmoja ukabana risasi zaidi, mwingine ukalegeza, na kila mmoja hutikisika kwa namna yake wakati wa kufyatua. Risasi inayopendwa na mtutu wa jirani yaweza kuchukiwa na wako. Ushahidi wanao watengenezaji wenyewe. Kampuni ya Eley ya Uingereza na ile ya Lapua ya Finland, ambazo risasi zake hutumiwa na wapigaji wakubwa wa dunia, zina vituo maalumu ambako mpigaji hupeleka bunduki yake. Bunduki hufungwa kwenye chuma, ikajaribiwa kwa bechi mbalimbali za risasi ya jina lile lile na bei ile ile, kisha mpigaji hununua bechi iliyokubaliana na bunduki yake na kuziacha nyingine. Fikiri vizuri. Mtengenezaji mwenyewe anakubali kwamba jina la boksi halitoshi, wewe wa Makambako unaliapia! Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi naongeza kwamba hata kizuri, katika jambo hili, hakina budi kujaribiwa.

Sasa nije kwa wale wa mbio. Hawa ndio wengi, hasa vijana. Wanaona kwenye boksi neno la kusifu kasi na mioyo inadunda. Hebu watulie. Sauti husafiri hewani kwa mwendo wa kama mita 343 kwa sekunde penye nyuzi joto 20, na kama 337 penye nyuzi 10, baridi ya asubuhi ambayo sisi wa huku tunaifahamu vizuri miezi ya Juni na Julai. Risasi ya .22 ya mwendo wa kawaida hutoka chini kidogo ya kasi hiyo. Risasi ya mwendo mkali hutoka juu yake, labda mita 380, halafu hewa inaipunguza njiani mpaka ishuke chini ya kasi ya sauti kabla haijafika mbali. Katika kuvuka mpaka huo husukwasukwa, na kidogo kilichokuwa kimeyumba huyumba zaidi. Ndiyo maana wapigaji wa mashindano ya mita 50 hushindana kwa risasi za mwendo wa kawaida. Wangeweza kununua za kasi. Hawazitaki.

Kuna na jambo la upepo, ambalo kwa watu wa Makambako si hadithi, maana upepo wetu unajulikana. Akili ya haraka husema risasi ya kasi hupita kabla upepo haujaisukuma. Hesabu inasema kinyume. Risasi husukumwa na upepo kwa kadiri ya muda inaoupoteza njiani kwa kuzuiwa na hewa, na karibu na kasi ya sauti kizuizi hicho huongezeka kwa ghafla. Kwa hiyo .22 ya mwendo mkali, kwa umbali wa mita 50 au 100, hupeperushwa zaidi kuliko ya mwendo wa kawaida. Kweli, huku kwetu, kwenye kimo cha kama mita 1,600, hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ya Dar es Salaam, na hilo linatusaidia kidogo. Lakini linazisaidia risasi zote. Haraka haraka haina baraka: methali hiyo haikutungwa kwa ajili ya bunduki, ila hapa imekaa mahali pake.

Kundi la tatu ndilo linaloniudhi kuliko yote, kwa kuwa hili linajidai kuwa na ushahidi. Hao ni watu wa matundu matatu. Miaka michache iliyopita tulikuwa wachache tunaomiliki .22 kwa kibali, tukakusudia kuchanga fedha tuagize risasi za mwaka pamoja. Mmoja wetu, mtu mzima na mwenye heshima zake, alileta karatasi yenye matundu matatu yaliyogusana. Akasema, "Shikamoo, Mwalimu. Mjadala umekwisha." Nikaitikia marahaba, kisha nikamwuliza alipiga ngapi jumla. Akajibu kwamba nyingine hazikuwa nzuri, hakuona sababu ya kuzileta.

Nimesahihisha mitihani zaidi ya miaka thelathini. Mwanafunzi akijibu maswali matatu kati ya ishirini, nawe ukamhesabia matatu hayo tu, atapata mia kwa mia. Nilipinga tusitoe hata senti mpaka tujaribu, na wengine wakanikubalia kwa shingo upande. Tulichukua bunduki yake na bunduki yangu, tukaziegemeza juu ya mifuko ya mchanga, mita 50, asubuhi kabla upepo haujaamka. Kila aina ya risasi tuliipa karatasi tatu za matundu kumi kumi, bila kutupa karatasi hata moja. Ile ya matundu matatu, iliyo ghali na ya kasi, ilitawanya kwenye bunduki yangu mpaka nikaona haya kwa niaba yake, na kwenye bunduki yake mwenyewe ikashika nafasi ya pili. Iliyoshinda kote kuwili ilikuwa ya bei ya kati, ya mwendo wa kawaida, katika boksi ambalo hakuna aliyekuwa akiliangalia mara mbili. Yule bwana alikaa kimya, akapima tena kwa rula, kisha akasema tuagize hizo. Kwa hilo namheshimu.

Basi anayetaka kuchagua kwa haki afanye hivi. Achukue aina tatu au nne, moja yao iwe ya bei nafuu. Aandike namba ya bechi iliyopigwa mhuri kwenye boksi, kwa sababu bechi ijayo ya jina lile lile yaweza kuwa kitu kingine. Kila akibadili aina, apige kwanza risasi kumi au ishirini bila kuzihesabu, ili mtutu uizoee nta mpya. Apige kumi kwa kila karatasi, tena siku mbili tofauti, ya baridi na ya joto. Apime kutoka tundu la mbali upande huu hadi la mbali upande ule. Tundu lililotoroka alihesabu, isipokuwa kama alilitaja kuwa kosa la mkono wake kabla ya kutazama karatasi. Akiona bechi iliyokubaliana na bunduki yake, anunue ya kumtosha kadiri kibali chake kinavyoruhusu. Akimaliza anawe mikono kwa sabuni, maana risi ni sumu.

Nitaambiwa naifanya risasi kuwa kila kitu. Sivyo. Huko Athens, katika michezo ya Olimpiki ya mwaka 2004, Matthew Emmons wa Marekani alikuwa akiongoza fainali ya bunduki ya mita 50 na kubakiwa na risasi moja. Akaipiga vizuri, ikaenda kwenye shabaha ya jirani yake. Akahesabiwa sifuri, akaangukia nafasi ya nane, na medali ya dhahabu ikaenda kwa Jia Zhanbo wa China. Risasi njema haimfumbui macho asiyeangalia anakolenga. Lakini hiyo si ruhusa ya kupuuza uchaguzi. Risasi hii ndogo tunayoidharau yaweza kuruka zaidi ya kilomita moja na nusu, na ikipiga jiwe hugeuka upande isikotarajiwa. Nyuma ya mashamba yetu kuna njia za watoto waendao shule na akina mama waendao kuteka maji. Mtu asemaye "yangu inapiga sana" kwa sababu ya bei ya boksi, bila kuwa na karatasi ya kuonyesha, ni mtu nisiyetaka alenge upande wa kijiji changu.

Najua ugonjwa huu si wa risasi peke yake. Tunawapeleka watoto shule kwa kusikia jina lake, bila kuuliza ni wangapi walioingia na wangapi waliofaulu. Tunanunua mbegu za mahindi kwa picha iliyo kwenye mfuko. Mbegu hukusubirisha msimu mzima ndipo ikujibu, na shule miaka mingi. Bunduki ya .22 hukujibu asubuhi moja, kwa karatasi na rula. Mtu anayekataa kupima jambo jepesi kama hilo, atapima lini yaliyo mazito? Kwa hiyo wanaobishana nami juu ya risasi bora nawaomba kitu kimoja tu. Waje na karatasi zao, zote, pamoja na zile mbaya.