Mwalimu wa Timu ya Wasichana Naye ni Mfanyakazi

Ndugu wafanyakazi,

Naomba nafasi katika gazeti letu nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo wengine watasema si letu. Watauliza, mtu wa reli ana habari gani na timu ya mpira ya wasichana wa chuo? Nawaomba wasome kwanza mpaka mwisho, kisha wahukumu.

Kwetu ni Hola, ingawa kazi yangu ni ya genge la njia, na reli haifiki kwetu. Kila nipatapo likizo napanda basi Mombasa, napita Malindi na Garsen mpaka nyumbani. Binti wa dada yangu anasoma katika chuo kimoja cha pande zetu, naye ni mchezaji wa timu ya chuo hicho. Likizo moja nilikwenda kuwatazama jioni, jua lilipopunguza ukali. Nilikwenda kwa ajili ya wachezaji, lakini macho yangu yakabaki kwa wale wanaowafundisha.

Walikuwa watu wawili. Wa kwanza alikuwa mwalimu wa darasa, mwanamume, aliyetwishwa timu juu ya masomo yake yote. Ni mtu mwema, simlaumu. Wa pili alikuwa mwanamke kijana aliyewahi kucheza katika timu hiyo hiyo. Huyu ndiye aliyewafundisha magolikipa, aliyeongoza mazoezi ya kupasha mwili moto, aliyehesabu mipira, aliyefua jezi, aliyetunza fedha za nauli, aliyelala chumba kimoja na wasichana wakisafiri, na aliyezungumza na mama zao wakiwa na wasiwasi.

Nilimwuliza, "Dada, wakulipa kiasi gani?" Akacheka. Akasema, "Kaka, mimi ni wa kujitolea." Nikamwuliza tangu lini. Akajibu kwamba huo ulikuwa mwaka wa tatu. Hakuwa na barua ya kazi. Akipewa nauli, alishukuru. Msichana mmoja alipoumia goti uwanjani, ni yeye aliyelipa bodaboda ya kumpeleka hospitali, na fedha hiyo hakurudishiwa.

Likizo iliyofuata sikumkuta. Alikuwa amekwenda Malindi kuuza duka, mahali penye siku ya mshahara. Na timu je? Ilibaki kwa jina tu. Wazazi kadhaa walikataa binti zao wasafiri kwenda mashindanoni bila mwanamke wa kuwaangalia, na nadhani walikuwa na haki. Binti wa dada yangu alikuwa ameviweka viatu vyake vya mpira chini ya kitanda.

Ndugu zangu, timu ile haikuvunjwa na uhaba wa wachezaji, wala na ubovu wa uwanja. Ilivunjwa na kukosekana kwa mshahara wa mtu mmoja.

Sisi wa reli twalijua jambo hili vizuri. Abiria humwona dereva, tena wengine hata yeye hawamwoni. Lakini gari moshi haliendeshwi na dereva peke yake. Kuna mtu wa ishara, kuna gadi, kuna fundi wa injini, na kuna sisi wa genge tunaokaza misumari ya njia juani. Mmoja akikosekana, safari hulala au watu hufa. Timu nayo ni hivyo. Kuna mwalimu mkuu, msaidizi wake, mwalimu wa magolikipa, mtu wa huduma ya kwanza na mwangalizi wa vifaa. Chuo kidogo hakiwezi kuajiri watu watano, hilo nalikubali. Lakini ikiwa mtu mmoja afanya kazi ya watu wanne, asiambiwe kwamba hafanyi kazi.

Wengine husema, "Mpira ni mchezo, na mchezo si kazi." Kwa anayecheza jioni kujifurahisha ni kweli. Kwa anayetakiwa awe uwanjani saa kumi kamili kila siku, ajibu akichelewa, na alaumiwe timu ikifungwa, hiyo ni kazi. Wazee wetu walisema mcheza kwao hutunzwa. Hawakusema mcheza kwao hushukuriwa kisha akarudi nyumbani mikono mitupu.

Wengine watasema kwamba huku ni kuiga wazungu. Basi natuitazame Marekani, ambako mpira wa wasichana wa vyuo umeendelea sana. Chuo Kikuu cha North Carolina kilikuwa na mwalimu mmoja, Anson Dorrance, aliyeifundisha timu ya wanawake tangu mwaka 1979 mpaka alipostaafu mwaka 2024, akatwaa ubingwa wa vyuo vya nchi ile zaidi ya mara ishirini. Hata huko kwenye fedha nyingi, kwa miaka mingi kanuni za NCAA, yaani chama cha michezo ya vyuo, zilikuwa na cheo cha "kocha wa kujitolea." Mtu huyo alifanya kazi pamoja na wenzake, na kanuni ilikataza chuo kumlipa mshahara. Cheo hicho kiliondolewa mwezi wa Julai mwaka 2023, baada ya makocha wengine kwenda mahakamani. Kumbe neno "kujitolea" limetumika vibaya hata kwa matajiri, na kumbe laweza kuondolewa watu wakilikataa.

Nchi hiyo yatufundisha jambo la pili, nalo ni chungu. Mwaka 1972 ilipitishwa sheria iliyovitaka vyuo kuwapa wanawake haki sawa, pamoja na haki ya michezo. Wakati huo zaidi ya timu 90 katika kila 100 za wanawake vyuoni zilifundishwa na wanawake. Baadaye fedha zikaja, mishahara ikaja, na wanaume wakaja. Miaka arobaini baadaye wanawake walikuwa wanashika nafasi 43 hivi katika kila 100. Ilipokuwa kazi ya bure, ilikuwa ya akina mama. Ilipopata mshahara, ikawa ya akina baba. Tusipoangalia, nasi tutafanya vivyo hivyo: yule dada atajitolea mpaka siku chuo kitakapopata fungu la fedha, kisha fungu litakwenda kwa mwingine.

Sisemi wanaume wafukuzwe. Nitakuwa mwongo nikisema mwanamume hawezi kuwafundisha wasichana. Jirani zetu wa Tanzania walipeleka timu ya wasichana wa chini ya miaka 17 India mwaka 2022 katika Kombe la Dunia, ikiongozwa na Bakari Shime, ikafika robo fainali. Lakini asiseme mtu yeyote kwamba mwanamke hawezi. Mwaka 2024 timu yetu ya Kenya ya wasichana wa chini ya miaka 17 ilikwenda Kombe la Dunia katika Jamhuri ya Dominika, ikaifunga Mexico mabao 2 kwa 1. Ilikuwa mara ya kwanza kwa timu yoyote ya mpira ya Kenya, ya wake au ya waume, kufika Kombe la Dunia la FIFA. Mwalimu wake mkuu alikuwa Mildred Cheche, mwanamke. Basi, wale wanaume mabingwa wetu wa maneno barazani walikuwa wapi?

Na tusidhani kwamba jambo hili ni la sifa tu. Ni la usalama. Wataalamu wa tiba ya michezo wasema kwamba msichana anayecheza mpira ana hatari ya kukatika kano za ndani ya goti mara mbili au zaidi kuliko mvulana, na kwamba mazoezi mazuri ya kupasha mwili hupunguza hatari hiyo. Mazoezi hayo yataka mtu aliyefundishwa, awepo kila siku, si siku apatapo nauli. Tena msichana ana mambo ya mwili wake ambayo hatamwambia mwanamume, hata mwanamume huyo awe mwema namna gani. Na wapo wanaume wasio wema. Mwalimu wa timu ana nguvu kubwa juu ya mchezaji, kwa kuwa yeye ndiye apangaye nani acheze na nani akae. Mahali penye nguvu namna hiyo pasiwe na mtu mmoja peke yake asiyeonekana na mwingine.

Sasa nije kwenye sheria. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 41, yasema kila mtu ana haki ya kutendewa haki kazini, na kila mfanyakazi ana haki ya ujira unaofaa na ya kujiunga na chama. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yataka mkataba wa kazi wa miezi mitatu au zaidi uandikwe. Tena yasema kibarua akifanya kazi mfululizo kwa mwezi mmoja, asihesabiwe tena kuwa wa kutwa. Mimi kabla ya kuingia reli nilikuwa kibarua kwa mwajiri mmoja, nami najua jinsi mtu anavyoweza kuwa wa muda kwa miaka. Mwajiri wa yule dada atajibu, "Huyu si kibarua, ni wa kujitolea." Ndiyo sababu jina hilo lapendwa sana. Kibarua ana sheria ya kumkinga. Wa kujitolea hupewa makofi siku ya sherehe.

Nasi watu wa Hola yatupasa tuwe waangalifu zaidi na neno "kazi." Tarehe 3 Machi mwaka 1959 wafungwa 11 wa kambi ya Hola walipigwa hadi kufa kwa sababu ya kukataa kazi ya kulazimishwa katika mifereji. Serikali ya wakoloni ikasema kwanza kwamba walikufa kwa kunywa maji. Sifananishi mambo haya mawili. Mungu apishe mbali. Nasema tu kwamba katika mji ulioona mauti ya namna ile, kazi ya mtu isipewe jina la uongo, iwe ni jina kali au ni jina tamu.

Basi, nini kifanyike? Naona hivi.

Kwanza, kila anayefundisha timu ya chuo apewe barua yenye jina la kazi yake, saa zake na malipo yake. Malipo yakiwa madogo, na yawe madogo, lakini yawe na tarehe.

Pili, kila timu ya wasichana iwe na mwanamke katika benchi la walimu, mwenye sauti katika kupanga mambo, si wa kubeba maji tu. Nafasi ya kwenda kusomea cheti cha ukocha ikipatikana, isimruke.

Tatu, pawe na mfuko wa huduma ya kwanza, na bima kwa wachezaji na walimu wao, ili mtu asitoe fedha ya mfukoni mwake msichana akiumia.

Nne, pawe na kanuni iliyobandikwa ukutani: mwalimu asikutane na mchezaji faraghani, na mchezaji mwenye malalamiko ajue pa kuyapeleka nje ya timu.

Najua jibu litakalokuja: chuo hakina fedha. Mimi nimeona mashindano ambayo palikuwa na turubai la wageni, viti vya kukodi na soda baridi, na yule dada amesimama juani na chupa za wachezaji. Fedha zilikuwapo. Yeye ndiye hakuwamo katika hesabu.

Na chama kifanye nini? Wafanyakazi wa taasisi za elimu wasio walimu wana chama chao cha KUDHEIHA. Naomba viongozi wa tawi letu wazungumze na wenzao huko, watu hawa watafutwe, waelezwe haki zao na waandikishwe. Nasi wanachama tulio na binti vyuoni tuulize maswali matatu tutakapoitwa kwenye mkutano wa wazazi: Nani anaifundisha timu? Ana barua? Alilipwa lini mara ya mwisho? Maswali matatu hayagharimu kitu.

Atakayesema kwamba mambo haya si ya watu wa reli, nitamkumbusha Mombasa, Januari mwaka 1947. Watu wa bandari na watu wa reli waliacha kazi, na pamoja nao wakaacha watu wa hoteli na watumishi wa majumbani, wale ambao mabwana wao waliwaita "boi" na kuona kazi yao si kazi. Wazee wetu hawakusema kwamba mpishi si mwenzao. Walisimama naye.

Nimesikia kwamba yule dada hupita uwanjani akija Hola kumsalimu mama yake. Hujua majina ya wasichana wote. Akipewa barua na siku ya mshahara, nadhani atarudi. Na binti wa dada yangu atavitoa viatu vyake chini ya kitanda.

Umoja ni nguvu.

Ni mimi mwanachama mwenzenu,
Mtu wa Genge la Njia, mzaliwa wa Hola