Mchunga: Utambue, kisha uangalie ulikoota

Mvua zikishika Bariadi, watoto hutumwa kuchuma mboga na mara nyingi hurudi na mchunga. Ni mboga nzuri, lakini kabla hujainjika sufuria jiulize mambo mawili: je, ni mchunga kweli, na umeota wapi?

Mchunga, ambao wataalamu wa mimea huuita Launaea cornuta, ni wa ukoo mmoja na alizeti. Majani yake ni marefu na membamba, hayana kikonyo, na kingo zake zina meno makubwa. Shina lina uwazi ndani, na ukilikata hutoa utomvu mweupe. Maua ni madogo ya njano, hayana duara katikati kama la alizeti. Yakikauka, mbegu hupeperuka zikiwa na nyuzi nyeupe kama pamba.

Utomvu mweupe peke yake usikudanganye. Minyaa, inayopandwa kuwa ua katika kaya nyingi za Usukumani, nayo hutoa utomvu mweupe, tena unaounguza ngozi na macho. Ukimwingia mtoto jichoni, mwoshe kwa maji safi mengi, kisha mpeleke kituo cha afya. Gugu karoti nalo ni la ukoo wa alizeti, ila lina maua meupe na majani kama ya karoti. Haliliwi, na huwasha ngozi.

Swali la pili ndilo husahaulika. Mchunga huota penye nyasi na vichaka, lakini hupenda pia udongo uliolimwa, na Simiyu mashamba mengi ni ya pamba. Pamba hupuliziwa viuatilifu, na dawa hiyo huangukia pia mchunga ulio katikati ya mistari. Kuosha au kuchemsha hakuondoi sumu yote.

Kwa hiyo mwonyeshe mtoto mahali pa kuchuma. Asichume ndani ya shamba la pamba, pembeni mwake, wala mahali panapooshewa bomba la kupulizia. Njia salama zaidi ni kuchimba vipande vya mizizi yake na kuvipanda karibu na nyumba.

Mtoto akila mboga kisha akatapika, akatokwa na mate na jasho jingi au akapumua kwa shida, usimpe maziwa wala usimlazimishe kutapika. Mwahishe hospitali, na ubebe chupa ya dawa iliyotumika shambani ili mganga ajue anatibu sumu gani.